Napima Mmoja, Nakata Mbili

Jumapili, 14 Machi 1971

Mvua ya kwanza imeanguka leo baada ya adhuhuri, na dari imevuja palepale ilipovuja mwaka jana. Bakar alisema ataiziba kaskazi, na kaskazi yote ameimaliza barazani. Nimeweka sufuria chini ya tundu. Wateja wa kushona hawaji siku za mvua, cherehani imefunikwa, nami nina daftari tupu na kalamu, basi naandika.

Kuna habari. Wifi yangu Mwatum, dada mkubwa wa Bakar, anakuja kutoka Kizimkazi. Paa lake la makuti limeanguka upande mmoja na fundi hapandi juu mpaka masika yaishe. Hayo ndiyo aliyoyaleta dereva wa gari la shamba. Ambalo dereva hakulileta, kwa sababu kila mtu katika nyumba hii analijua, ni kwamba Mwatum anamfuata mtoto wake.

Wanu na Kazija walipozaliwa, Mwatum alikuja kunikanda na kunipikia arubaini nzima. Yeye amezaa mara tatu na hakukaa hata mmoja. Siku ya arubaini, mbele ya wazee, Bakar akamwambia, "Dada, hawa wawili. Mmoja wako. Akishapata akili njoo umchukue." Wazee wakasema Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimepakata wote wawili, na hakuna aliyeniuliza. Wala si jambo la ajabu kwetu. Bakar kalelewa na shangazi yake. Mimi nimelelewa Kiembe Samaki kwa mama mkubwa. Nilinyamaza kwa kuwa siku hiyo ya akili niliiona mbali.

Sasa wana miaka mitano, na akili wanayo hadi imezidi. Sitaki kumtoa mtoto. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 17 Machi

Mwatum kafika saa nne, kalowa, na pweza mkavu kwenye kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za kila mtu na za cherehani pia. Nyuma yake mchukuzi kabeba matendegu manne, mifumbati, na bonge la kamba za makumbi.

"Kitanda hiki cha nani, wifi?"

"Cha mtoto," akasema.

Kitanda kimoja, chembamba. Nikakitazama na moto ukanipanda. Katika nyumba yenye pacha hakiletwi kitu kimoja. Watu wote wa mtaa wetu wa Kiponda wanajua hilo. Bi Kulthum wa chini akileta kitumbua huleta viwili. Na Bi Kulthum ni mtu ambaye nyumba hii yote ilikuwa ya mumewe kabla ya Mapinduzi. Leo anakaa chumba kimoja cha chini, anakaanga vitumbua asubuhi, na sisi tuko juu yake kwa barua ya serikali. Tunaamkiana vizuri. Kama yeye anaweza kukumbuka viwili, nani atashindwa?

Nikawaita watoto waje wampe mkono shangazi yao. Siku zote nawaita kwa pumzi moja, "Wanu-Kazija!" "Naam," akaitika Kazija. "Naam," akaitika Wanu, nyuma kidogo. Ndivyo wanavyoitika tangu walipojua kuitika.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua. Sufuria mbili.

Jumatatu, 22 Machi

Foleni ya mchele tangu alfajiri. Mwatum alifuatana nami bila ya kuombwa. Akasimama na mwavuli wa Bakar, uliovunjika mbavu, akaniegemezea mimi upande mzima na yeye akalowa. Hajasema neno juu ya mtoto. Namngoja aseme, nimeshatayarisha jibu, na yeye anazungumzia makuti.

Alhamisi, 25 Machi

Maulidi yanakaribia na wateja wamekumbuka kuwa wana watoto uchi. Nguo saba ziko mezani. Nimepata kitambaa cha maua ya buluu, kimebaki kwenye gauni la bibi arusi mmoja, kinatosha magauni mawili ya watoto wangu nikibana. Nimemsimamisha Kazija juu ya kigoda. Kazija hupenda kupimwa. Hunyoosha mikono na kushusha pumzi bila ya kuambiwa. Wanu alikaa chini akiokota pini.

Mwatum alikuwa mlangoni anasokota kamba pajani.

"Mbona wampima huyu tu?"

"Pacha, wifi. Napima mmoja, nakata mbili."

"Ehe," akasema, akaendelea kusokota. Ile "ehe" yake nimekaa nayo mpaka usiku. Yeye hajui hata kushika sindano ya mashine.

Jumapili, 28 Machi

Mwatum anawamba kitanda ukumbini. Anavuta kamba, anakaza, anapigapiga kwa mti. Kesho yake unyevu umeilegeza, anaifumua yote na kuanza upya. Kazija alimshikia kamba mwanzo, akachoka, akenda dirishani kutazama watu wakiteleza. Wanu alibaki. Ameshika ncha ya kamba kwa mikono miwili tangu asubuhi, amekaza midomo. Shangazi yake anamwambia maneno kwa Kikae chao cha kusini, na nimemsikia anajibu. Lini kajifunza, sijui.

Jumanne, 30 Machi

Mvua kutwa. Bakar hakwenda bandarini, meli haishushwi. Kakaa nyumbani akatutia joto sote.

Ijumaa, 2 Aprili

Asubuhi huwa nawauliza, "Mnataka nini?" na Kazija husema mkate na chai, nami nakata vipande viwili. Leo Mwatum alikuwa anamimina chai yeye. Akamwinamia Wanu.

"Wewe unataka nini?"

Wanu akamtazama Kazija. Mwatum akamshika kidevu, akakigeuza polepole kumwelekea yeye.

"Huyo skumuuliza. Nnakuuliza wewe."

Mtoto akafikiri. Tulimngoja sote watatu, na mimi nilikuwa na nguo za watu, lakini nilingoja. Mwishowe akasema, "Muhogo."

Sikujua kama anapenda muhogo. Kazija haupendi, kwa hivyo haupikwi. Mwatum akenda sokoni kwenye mvua, akarudi na muhogo, akauchemsha, na Wanu akala mpaka akalegea.

Basi nimeshajua ni nani anayemtaka. Na hapa nitaandika kitu. Nilipojua ni Wanu na si Kazija, nilishusha pumzi. Kisha nikajiuliza kwa nini nimeshusha pumzi. Sikujijibu, nilikuwa na kola ya mteja mkononi.

Jumapili, 4 Aprili

Nimemwambia Bakar, "Mwambie dada yako mie sitoi mtoto."

"Nshatoa neno, Tabia. Mbele ya wazee."

"Neno lako hilo. Langu liko wapi?"

"Basi mwambie wewe," akasema, akavaa kofia, akashuka barazani. Barazani kumejaa maji. Alikaa huko huko, miguu juu, saa nzima, kuliko kukaa na mimi chumba kimoja. Bwana huyu angekuwa jasiri nusu ya anavyojisifu, dari ingekuwa imezibwa.

Sikumwambia Mwatum. Si kwamba namwogopa. Kila nikijipanga, namkuta ananishughulikia jambo langu: anapanguza maji, anamtengeneza pweza, anachagua mawe kwenye mchele. Ni vigumu kugombana na mtu aliyeinamia ungo wako.

Jumatatu, 12 Aprili

Surua imeingia mtaani. Nyumba ya nyuma ya msikiti wanauguza watatu. Nimewakataza wangu kushuka.

Jumatano, 14 Aprili

Kazija kaamka na macho mekundu.

Alhamisi, 15 Aprili

Ni surua. Bi Kulthum kapanda ngazi, jambo asilolifanya, kuja kuniambia nisikaange kitu chochote ndani ya nyumba, harufu ya mafuta inamdhuru mgonjwa. Nikamwambia, "Bi Kulthum, mie skaangi, unayekaanga ni wewe." Akanitazama. "Nshazima moto tangu jana," akasema, akashuka. Nimeona haya. Vitumbua ndivyo vinavyomlisha.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimekaa kuyaandika kwa utaratibu ili niyajue.

Tangu Ijumaa Kazija alikuwa analia. Vipele vilimtoka uso mzima na kifua, macho hayafunguki, na kila nikimweka chini analia. Nikampakata siku tatu. Nguo za Maulidi nimeziacha mezani, waje wazichukue zikiwa vipande. Wanu nilimwambia akae karibu nasi, ili naye ashikwe mapema tumalize, kwa kuwa pacha hufuatana. Akakaa kwenye mkeka chini ya kitanda. Nilimwona. Namaanisha niliona kuwa yuko pale.

Leo kabla ya adhuhuri Mwatum kaingia na uji wa mtama, mabakuli mawili. Kaliweka la Kazija, akainama kumpa Wanu, akamgusa shingo, na akaliweka bakuli chini kwa nguvu, uji ukamwagika.

"Huyu anaungua. Anaungua tangu jana huyu."

Nikasema hana vipele. Nikasema hakusema kitu. Mwatum kamvua gauni. Ngozi kavu, imepauka, hakuna hata kipele kimoja, na mbavu zinaingia na kutoka mbio.

"Haikutoka. Imerudi ndani, imemshika kifua," akasema. "Wifi, mtoto huyu hasemi mpaka mwenziwe aseme. Na mwenziwe alikuwa analia."

Hakunisema kwa ubaya. Ningependa angenisema kwa ubaya.

Bakar alikuwa bandarini. Kazija alikuwa ameniganda shingoni, mikono yake moto, na nilipojaribu kumweka akapiga ukelele. Mwatum hakungoja. Kamfunga Wanu mgongoni kwa khanga mbili, akajitupia buibui langu juu ya wote wawili, akashuka ngazi. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo. Nikenda na Kazija begani mpaka roshani, nikamwona Mwatum anapita uchochoroni, maji yako kwenye vifundo vya miguu, mkono mmoja ukutani na mmoja nyuma umeshika chini ya mtoto. Kichwa cha Wanu kilikuwa kinayumba. Hakikuwa kimeegemea, kilikuwa kinayumba. Wakakata kona ya duka lililofungwa.

Nilibaki pale roshani. Mvua ilituingia na sikutoka. Na hapo nikaweka nadhiri. Sikuifikiri. Ilitoka mdomoni kwa sauti, na Kazija peke yake ndiye aliyesikia, na yeye alikuwa hajitambui. Nilisema, "Ya Rabi, Wanu akipona, nampa Mwatum. Nampa kwa mkono wangu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ningeweza kuahidi kufunga, au kuchinja mbuzi. Watu huahidi mbuzi.

Wamerudi baada ya alasiri. Hospitali wamemchoma sindano na wamewapa dawa, warudi kesho na kesho kutwa. Mwatum hana rangi. Kamlaza Wanu, akalala naye ubavuni na nguo zake mbichi vilevile. Nilipotaka kumvua buibui akasema, "Usimwamshe."

Jumanne, 20 Aprili

Hospitali. Mwatum kambeba. Hali ni ile ile.

Jumatano, 21 Aprili

Vipele vimemtoka Wanu asubuhi, vingi, mwili mzima. Mwatum kaviona, akakaa chini, akajifunika uso na kulia kwa sauti. Bi Kulthum akapanda tena akidhani kuna msiba. Tulipomwambia ni furaha, na yeye akalia. Bakar akasimama katikati yetu na mfuko wa mchele, hajui auweke wapi.

Jumapili, 25 Aprili

Wote wawili wamekula. Kazija kaomba mkate. Wanu kaomba muhogo, bila ya kuulizwa.

Alhamisi, 29 Aprili

Chini wameanza kukaanga tena. Sikuwahi kujua kuwa napenda harufu ya vitumbua.

Jumapili, 2 Mei

Leo Mwatum kasema. Nilikuwa namalizia magauni ya maua ya buluu, yeye anakaza kamba ya kitanda kwa mara ya mwisho. Jua limetoka siku mbili na kamba imeshika.

"Wifi, mie mtoto sitaki tena."

Nikasimamisha mashine.

"Siku ile mvuani niligeuka kule konani. Hukuniona, lakini mie nlikuona. Ulivyosimama pale roshani, sijapata kumwona mtu amesimama vile. Mie nshazika watatu, najua. Siwezi kumtilia mwenzangu yale. Nshamwambia Bakar neno lake nimemrudishia. Masika yakiisha nnakwenda zangu. Kitanda ntakiacha, mpate pa kuwekea nguo."

Nikamwambia ahsante. Neno kavu, lilitoka hivyo hivyo. Nilitakiwa niruke. Miezi miwili nimengoja kusikia maneno hayo. Bakar jioni amekuja ananawiri, anasema, "Umeona? Mambo yamekwisha yenyewe," utafikiri ameyamaliza yeye.

Kila mtu ameniachia. Nadhiri yangu hakuna anayeijua.

Ijumaa, 7 Mei

Maulidi. Tumekwenda uwanjani sote, Mwatum katikati, watoto wawili katika buluu. Watu wakasimama kuwatazama na kusema mashallah. Kazija gauni limemkaa kama aliyezaliwa nalo. Wanu bega lilikuwa linamshuka. Nikalipandisha, likashuka. Nikadhani ni kukonda kwa ugonjwa. Muda wote wa kisomo alilishika bega kwa mkono mmoja, kimya, na niliona jinsi anavyolishika: vidole viwili ndani ya kola, bila ya kutazama. Mkono ule ulikuwa umezoea. Nikakumbuka gauni la Idi, na la Idi nyingine, na sare ya madrasa. Mtoto huyu siku zote hutembea ameshika bega lake, nami nilidhani ni tabia yake tu.

Jumamosi, 8 Mei

Nimempima Wanu peke yake, juu ya kigoda. Hakujua la kufanya na mikono. Mabega yake ni membamba kuliko ya Kazija kwa kidole kizima, na mikono yake mirefu. Kifua sawa. Mimi ni fundi, watu wanatoka Malindi kuja kwangu kwa sababu nguo zangu hukaa. Miaka mitano nimemvisha mtoto wangu mwili wa mwenziwe, na nikasema nawafanyia sawa.

Nilisikitika mpaka nikashindwa kukata.

Jumatano, 12 Mei

Mvua ndogo. Mteja mmoja.

Jumanne, 18 Mei

Nimeshuka kwa Bi Kulthum. Chumba chake ni kisafi, kuna saa ya ukutani iliyokuwa zamani juu ukumbini kwetu. Alama yake bado iko kwenye ukuta wangu. Nikamwambia habari ya nadhiri. Yeye ndiye mtu wa kwanza.

Alinisikiliza huku anakoroga unga. Akauliza, "Ulisema kwa ulimi?"

"Kwa ulimi."

"Kama nadhiri hiyo inakufunga au haikufungi, wanavyuoni ndio wanaojua, mie si mwanachuoni. Lakini mtoto si mbuzi, mwanangu. Hawezi mtu kumtoa kwa sababu yeye kaogopa. Umemuuliza?"

"Nani, Mwatum?"

"Wanu."

Nikacheka. Mtoto wa miaka mitano. Bi Kulthum hakucheka. "Mie nyumba nzima imetoka mikononi mwangu," akasema, "na hakuna aliyeniuliza hata nataka kubaki chumba gani. Wangeniuliza tu, ningekuwa na afadhali."

Nikapanda juu. Nilikuwa nimeshindwa kumtazama usoni, na huku juu alama ya saa ilikuwa pale ukutani.

Jumapili, 23 Mei

Nimemuuliza.

Nilimpeleka jikoni peke yake, nikafunga mlango. Kazija akagonga mara mbili, akaenda zake. Nikachuchumaa tukawa macho kwa macho. Nikasema, "Shangazi anarudi Kizimkazi. Unaweza kwenda naye ukakae, au ukabaki hapa na sisi. Wewe unataka nini?"

Akatazama mlango. Nikakigeuza kidevu chake polepole, vile nilivyoona kinageuzwa. Nilikuwa namwomba Mungu aseme kubaki. Kama angesema kubaki, ningefunga mwezi mzima, ningechinja mbuzi, ningemaliza hesabu na Mola wangu kwa njia nyingine yoyote.

Alifikiri sana. Kisha akasema, "Kwenda."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Shangazi ananiita Wanu."

"Na mie nakuita Wanu."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na kinyongo, alikuwa ananieleza jambo tu. "Wewe unaita Wanu-Kazija."

Jumatatu, 24 Mei

Nimemwambia Bakar. Kavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akauliza kama nina hakika, na sauti haikuwa ya barazani. Nikamwambia sina, lakini mtoto anayo. Akasema, "Mie nilitoa neno kwa wepesi, Tabia." Ndiyo. Nikamshika mkono.

Mwatum alipoambiwa alikataa. Kakataa kabisa, kasema mnanionea huruma, mie si maskini wa kupewa mtoto. Nikamwita Wanu, akaja, akasimama baina ya magoti yake na kuanza kumchezea ushanga wa shingoni. Mwatum mikono aliinua juu, hataki kumgusa, ikabaki juu vile. Mwisho ikashuka.

Jumapili, 30 Mei

Nashona. Magauni matatu, kwa vipimo vya Wanu.

Alhamisi, 3 Juni

Kazija kauliza Wanu akenda atarudi lini. Bakar kasema skuli ikifunguliwa atarudi, waende pamoja. Mwatum kasema inshallah. Mimi nilipopelekwa Kiembe Samaki niliambiwa wiki mbili.

Jumatano, 9 Juni

Mvua imekatika. Bakar kapanda juu kuziba dari, sasa.

Jumamosi, 12 Juni

Darajani asubuhi. Gari la shamba, kitanda juu ya paa kimefungwa kwa kamba zake zenyewe, kuku wa watu chini yake. Mwatum alinishika kichwa akanibusu paji la uso. Hakusema ahsante, na nafurahi hakusema. Nikamwambia anapenda muhogo, akasema, "Najua." Nikamwambia hasemi akiwa mgonjwa, akasema, "Najua, wifi." Sikuwa na la zaidi la kumweleza juu ya mtoto wangu.

Wanu kavaa gauni la kijani. Limekaa. Mabega yamekaa vizuri kabisa, na mkono wake, nilivyouona, mara mbili ulikwenda kwenye kola ukakuta hakuna la kushika, ukashuka. Kazija hakulia. Alimpa mwenziwe nusu ya mkate aliokuwa anakula, akabaki na nusu. Gari lilipoondoka, watoto wote wawili walitazamana bila ya kupunga mikono. Hawajawahi kuagana, hawajui kunavyofanywa.

Mimi nililia njiani, wazi, mbele ya wauza samaki. Bakar akambeba Kazija, ijapokuwa ni mkubwa wa kubebwa.

Jumatatu, 14 Juni

Jua kali. Dari kavu. Nimetoa sufuria.

Bi Kulthum kaleta vitumbua viwili, akakumbuka mlangoni, akasimama navyo. Nikamwambia, "Lete vyote viwili." Nimekata vipande vya kazi ya mteja. Nimepika muhogo bila ya sababu.

Adhuhuri chakula kilipokuwa tayari nikaita kwa mazoea, kwa pumzi moja, "Wanu-Kazija!" Ilikwisha toka ndipo nikaisikia.

"Naam," akaitika Kazija kutoka chumbani.

Akanyamaza kidogo, kiasi kile alichokuwa akikawia mwenziwe. Kisha akaitika tena, kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Naam."